Mpaka Uguse Pazia

Katika picha ile mkono wa kushoto wa mama mkwe wangu hauonekani vizuri. Umekwenda nyuma ya mgongo, na kinachojitokeza pembeni mwa sweta ni vidole tu, vimetanuka kama vya mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi ya taa. Uso wake umetulia. Anatabasamu huku midomo imefungwa, tabasamu lake la kanisani. Nyuma yake kuna ukuta wa mwamba wa Meru, mweusi kwa kijivu, na juu kabisa kilele chenyewe, hakina hata wingu. Ni picha nzuri. Nimewaonyesha watu wawili watatu na wote wamesema ni nzuri kabla sijawaambia wanachokiangalia.

Tulikuwa wanne siku hiyo. Mama mkwe, ambaye alikuwa anajiandaa kufunga duka lake la vitenge pale Ngarenaro, Arusha, na kurudi kwao Machame, kwenye migomba yake. Wifi yangu, binti yake mkubwa, aliyebeba vyakula kana kwamba tunakwenda kukaa wiki nzima. Shemeji yangu, kitinda mimba, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi na kipaimara. Na mimi mkwe, kwa sababu mume wangu alikuwa Dodoma kikazi na mtu wa kumwakilisha ilibidi awepo.

Wazo lilikuwa la mama mwenyewe. Tangu aolewe ameishi Levolosi, na dirisha la jiko lake linautazama mlima. Kila asubuhi, chai ikiwa jikoni, huchungulia na kutoa taarifa kwa yeyote aliye karibu: "Leo katoka," au, "Leo kajifunika." Ameyafanya hayo maisha yake yote ya utu uzima na hakuwahi kukanyaga hata mguu wa mlima huo. Tulipoanza kufunga vyombo vyake kwenye maboksi, akasema hawezi kuhama na kumwacha jirani ambaye hajawahi kuingia sebuleni kwake. Alitaka aende, asimame, apigwe picha na mlima wa kweli.

Alisema "wa kweli" kwa sababu ya picha nyingine. Juu ya kabati la televisheni ilitundikwa picha yake ya ubibi harusi, iliyopigwa studio mjini Arusha alipokuwa mgeni hapa. Amesimama mbele ya mlima wenye theluji uliochorwa kwenye kitambaa. Yeye husema ni Kilimanjaro. Shemeji hakosi kumchokoza kwamba pale kwenye kona ya chini kuna kibanda chenye paa la mbao na ng'ombe aliyevishwa kengele shingoni, sasa ni Kilimanjaro ya wapi hiyo. Mama humjibu swali moja tu: "Wewe ulikuwepo?" Kisha husimulia, nasi husikiliza ingawa tunaijua hadithi: chumba kidogo, taa kali, mpiga picha kajificha nyuma ya mashine yake akiita, rudi nyuma, rudi, rudi, mpaka uguse pazia. Kugeuka hairuhusiwi, shela litaharibika. Unarudi kinyumenyume hadi uhisi pazia, unasimama, unabana pumzi. Na hutikisiki mpaka uambiwe imekwisha.

Tulifika getini mapema, bado kuna baridi. Askari wa hifadhi aliyepangiwa kutembea nasi alikuwa kijana wa kule kule mlimani, mpole, bunduki begani. Alimwamkia mama shikamoo na mama akamwambia, marahaba baba, lakini mlima wenu huu una maringo, unajifunika kama mwali. Akajibu kwamba leo utajifunua, umesikia mama mkwe wa watu anakuja. Hapo wakawa marafiki.

Kabla ya kuondoka alitupanga mstari na kutuambia mambo yake taratibu. Tutembee nyuma yake. Akisimama, tusimame. Akiinua mkono, hata kukohoa tuache. Shemeji alipewa maelezo ya peke yake askari alipoiona kamera yake kubwa. Asitumie mwanga wa kamera karibu na wanyama. Asimfuate mnyama ili apate sura yake. Kama sura haipo, picha haipo. Na asitembee hata hatua moja jicho likiwa kwenye kamera. Simama, piga, shusha, ndipo utembee. Akamfanyisha mazoezi pale pale getini, na wifi akacheka kwamba hatimaye mdogo wake amepata mwalimu.

Nalisema hili kwa sababu wanaosikia kisa chetu hudhani shemeji alikuwa mzembe. Hakuwa. Nilimwangalia siku nzima, na kila mara alisimama, akapiga, akashusha, akatembea. Sheria ile ilihusu miguu ya mpiga picha. Miguu ya anayepigwa picha hakuna aliyeitaja, na wala sisi hatukuiuliza.

Tulichokiogopa ni nyati. Tuliwakuta kwenye uwanda wa majani chini ya msitu, kundi zima, na mmoja mzee amejitenga, amelala karibu na njia yetu. Askari akainua mkono. Tukasimama. Mama akanishika kiwiko kwa nguvu nikahisi kucha zake kupitia koti. Yule nyati alitutazama kwa muda mrefu, pembe zimemkaa kichwani kama nywele zilizogawanywa katikati.

"Ana sura ya mzee wa kanisa aliyenyimwa maiki," mama akaninong'oneza.

Niliona mabega ya askari yakitikisika kwa kicheko alichokizuia. Baadaye nyati akainuka, akaenda zake, na tukaachia pumzi. Nakumbuka niliwaza kwamba sehemu ya hatari tumeshaipita.

Tukaingia msituni. Njia inapanda polepole, na kadiri unavyopanda miti inazidi kuvaa yale majani ya kijivu yanayoning'inia kwenye matawi kama ndevu. Mama ni mfanyabiashara wa vitambaa. Kila tawi lililokuwa karibu alilishika, akasugua ndevu zile kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anavyofanya mzigo mpya unapofika dukani. "Hii ni shifoni," alisema. Mbele kidogo: "Na hii shifoni, lakini ya bei nafuu." Shemeji alimpiga picha nyingi humo, na katika kila picha lilikuwa lile lile: mama sogea, mama rudi, rudi kidogo, hapo hapo. Mama alitii bila kuangalia alikotoka. Rudi ikawa kama wimbo wa siku ile. Nyuma yake kulikuwa na msitu tu, na mara moja alirudi mpaka akagota kwenye shina la mti, akacheka, akasema pazia hili gumu.

Tulipofika kwenye uwazi uliokuwa mwisho wa safari yetu, mlima ulikuwa umejifunua kama askari alivyosema. Msitu unakatika ghafla, unaacha kiwanja cha majani marefu na vichaka, na ng'ambo unainuka ule ukuta wa mwamba ambao kutoka jikoni Levolosi huonekana kama mkunjo tu wa bluu. Wifi alifuta macho. Kati yetu na mwamba kulikuwa na korongo, lakini kutoka pale tulipokaa korongo lenyewe halikuonekana. Kilichoonekana ni majani, kisha vichaka, kisha mti mmoja uliolala upande, matawi yake yamejaa ndevu za kijivu, kisha mwamba. Jicho liliviunganisha vyote kama ardhi moja. Mizizi ya mti ule ilikuwa huku. Matawi yake yalining'inia hewani. Hilo tulilijua baadaye.

Askari alituambia tusitawanyike, akasimama pale njia inapotokea msituni, mgongo ametupa sisi na uso kaupa miti. Nyati angetokea huko. Alikuwa anatulinda, na alitulinda dhidi ya kile alichokijua.

Wifi na mimi tukaanza kutoa vyakula. Shemeji akampeleka mama mbele, akamweka sawa, akarudi mwenyewe huku akiangalia anapokanyaga, akapiga goti. Alitaka kilele kitokee juu ya kichwa cha mama, na mama alikuwa karibu mno, amekifunika.

"Rudi nyuma kidogo, mama."

Mama akarudi.

"Kidogo tena."

Nilikuwa upande, nimeinama namimina chai, nikainua macho. Kwanza niliona majani yaliyokuwa nyuma ya visigino vyake. Majani yote ya kiwanja kile yalikuwa yamelalia upande mmoja kwa upepo. Yale ya nyuma yake yalikuwa yamesimama wima, yanatetemeka, yanapeperushwa kwenda juu. Upepo ulikuwa unatoka chini. Akili yangu ilichukua muda kuelewa maana yake, na ilipoelewa, sauti haikuwepo. Chai iliendelea kumiminika mkononi mwangu na sikuihisi.

Wifi aliona nilichokiona. Yeye sauti alikuwa nayo.

"Mama, rudi."

Na mama akarudi.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Ukiwa umesimama mlangoni na mtoto anakimbilia barabarani, unamwambia rudi, naye anakuja kwako. Ndivyo wifi alivyomaanisha. Lakini tangu asubuhi mama alikuwa akiambiwa rudi, na kila aliporudi alikwenda kinyumenyume. Tangu alipokuwa bibi harusi hakuna maana nyingine ya neno hilo mbele ya kamera. Alimsikia binti yake akimsaidia mpiga picha. Akapeleka mguu nyuma, hatua moja ya adabu, hakugeuka, shela lisiharibike, na mkono wake wa kushoto ukaenda mgongoni, vidole vimefunguka, vikitafuta.

Ukagusa ndevu za ule mti. Laini, kama kitambaa.

Akasimama. Alikuwa amegusa pazia. Akabana pumzi, akatabasamu.

Shemeji akabonyeza. Nilisikia mlio wa kamera. Ndipo akashusha kamera, akatuona sisi kwanza, kisha akafuata macho yetu. Nimewaona watu wakipokea habari za msiba na sijaona uso ukibadilika vile, ulikuwa kama umemwagiwa majivu. Alibaki amepiga goti. Nilidhani atapiga kelele, na nikajua akipiga kelele mama atashtuka.

"Mama," akasema, kwa sauti ndogo ya mtoto anayeamka usingizini, "njoo."

Mama hakutikisika. Midomo yake ilisogea kidogo tu.

"Umepiga?"

"Nimepiga. Njoo."

"Usije ukasema nimefumba macho."

"Hujafumba. Njoo, mama."

Lile tawi akaliachia. Akashusha sweta yake vizuri kiunoni, akaja, hatua zake za kawaida, zile anazotembea nazo kutoka dukani kwenda kununua vocha. Nilihesabu kila hatua moyoni na sikumbuki zilikuwa ngapi. Alipofika kwa shemeji, shemeji alimkumbatia miguuni, pale pale alipokuwa amepiga goti, na mama akamuuliza kama ana wazimu.

Askari alikuwa amegeuka. Nadhani ni ukimya wetu uliomgeuza. Alikuja haraka lakini hakukimbia, akatuambia tukae chini sote, upande wa msitu, akachukua fimbo na kwenda pale mama alipokuwa amesimama. Alikaribia kwa kuchuchumaa. Alama za visigino zilikuwepo, mbili, zimechimba. Nyuma ya alama hizo kulikuwa na kipande cha majani kilichoshikwa na mizizi yake tu. Akakigusa kwa ncha ya fimbo. Kikaondoka. Mwanga ukatokea pale kilipokuwa, mwanga mweupe kutoka chini, na tukakaa tukisubiri kusikia kikitua. Hatukusikia. Labda sauti ilikuja tukiwa hatusikilizi tena.

Mama aliona hayo yote. Alisema neno la Kichaga ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake kabla ya siku hiyo wala baada yake. Kisha akaweka mikono juu ya mapaja, akatazama viatu vyake.

Wifi ndiye aliyevunjika. Alirudia, mimi ndiye niliyesema rudi, mimi ndiye niliyesema, na hatukuweza kumnyamazisha. Mwishowe mama akageuza shingo.

"Ukasema rudi, nami nikarudi. Kosa liko wapi?"

Haikuwa utani na haikuwa lawama, lakini wifi alianza kucheka huku analia, nami nikacheka, na kicheko hicho kilikuwa kibaya kukisikia. Shemeji hakucheka. Alikuwa amekwenda kutapika nyuma ya kichaka, upande wa msitu, huku askari amemshika mkanda wa suruali.

Tukanywa chai yenye sukari nyingi. Nilimpa askari kikombe, akakiweka chini bila kunywa. Alisema miaka yote amewafundisha watu namna ya kukaa na nyati, na wanaopiga picha wasitembee. "Anayepigwa picha hajawahi kunipa shida," alisema. "Nilidhani anasimama tu." Baada ya hapo akasema kwamba kuanzia kesho, kwenye uwazi huu, anayepigwa picha atakaa chini, na anayetaka kumwona mdogo arudi yeye mwenyewe na kamera yake, kuelekea msituni. Alisema hivyo akiwa anaangalia pale palipokatika.

Tukaanza kushuka. Mbega waliruka juu ya vichwa vyetu, mikia yao mirefu myeupe inafuata, na hakuna aliyeinua simu. Mama alishika mkono wangu njia nzima. Tulipofika karibu na ule uwanda wa nyati, akaniuliza bila kunitazama:

"Yale majani. Ile shifoni. Kama isingekuwepo, ningeendelea, eti?"

Nilitamani kumdanganya. Lakini alikuwa amelishika swali hilo tangu juu, na nilihisi kwenye mkono wake kwamba jibu analo tayari.

"Ungeendelea, mama."

Akaitikia kwa kichwa na tukaendelea kutembea.

Nyumbani Levolosi shemeji alitaka kuzifuta picha zile. Mama alimkataza, akaagiza azifungue kwenye televisheni, zote, kwa mpangilio. Tukaketi kati ya maboksi. Zilipita moja baada ya nyingine, mama akizidi kuwa mdogo na mlima ukizidi kuwa mkubwa, na mkono wa kushoto kwanza uko ubavuni, kisha unaanza kwenda nyuma, kisha vimebaki vidole tu. Katika ile ya mwisho shemeji aliikuza sehemu ya mkono. Vidole viwili vilikuwa vimekamata ndevu za mti, kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayepima kitambaa. Kichwa cha shemeji kiliinama polepole mpaka paji la uso likagusa meza.

Mama akainuka, akaniambia nimshushie ile picha ya zamani kutoka juu ya kabati. Nikamshushia. Akafuta vumbi kwa pindo la khanga na kuiweka mapajani, nami nikainama kuiangalia pamoja naye. Picha hiyo nimeifuta vumbi mwenyewe mara nyingi sana. Nilikuwa nimeangalia shela, na kibanda, na ng'ombe wa kengele. Sikuwahi kuona kwamba bibi harusi ana mkono mmoja. Wa kulia umeshika maua. Wa kushoto umekwenda nyuma, kuelekea kwenye theluji ile ya rangi.

Niliusogeza uso karibu na kioo. Mama alikuwa ameshaona. Aliweka kidole kwenye kioo cha fremu, pale mkono ulipopotelea.

"Lile pazia lilikuwa la baridi," alisema. "Nyuma yake kulikuwa na ukuta."

Kisha shemeji, macho bado mekundu, akauliza ni ipi kati ya picha za leo amsafishie aende nayo Machame. Nilidhani atasema hakuna. Akachukua rimoti mwenyewe, akazirudisha, akapita ile nzuri, akapita zile za kilele, mpaka akafika kwenye moja iliyopigwa kabla hajaambiwa rudi, wakati shemeji bado yuko karibu naye anaweka kamera sawa. Ina ukungu kidogo. Uso wa mama umejaa karibu fremu nzima, mdomo wazi, anamwambia mwanawe afanye haraka, miguu inauma. Hakuna mwamba, hakuna kilele, hakuna anga.

"Hii."

"Mama, hapo mlima hauonekani."

"Mlima najua ulipo," akasema. "Hapo niko karibu na wewe."